BAISIKELI YA MAREHEMU: ITUNZWE AU IGEUZWE?



Naomba nafasi katika karatasi zetu hizi nipate kusema machache juu ya shauri lililoletwa mbele ya wanachama wa hapa Kyela, shauri ambalo wengine walilicheka, wakiona kuwa si jambo la kuwapotezea watu wazima wakati wao. Ni shauri la baisikeli. Mimi sikucheka, na atakayesoma mpaka mwisho huenda akaona sababu.

Habari yenyewe ni hii. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa tarishi wa serikali miaka mingi katika bonde hili, alifariki dunia akiwa mzee wa kuheshimiwa. Aliacha mke, watoto wawili wa kiume, shamba la mpunga, michikichi michache, na baisikeli aina ya Raleigh iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza. Mkubwa wa watoto hao anafanya kazi Dar es Salaam. Mdogo ni mwalimu katika shule iliyo mbele ya Ipinda, na kila siku ya kazi huenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, illa siku ambayo mfuko wake unamruhusu kupanda pikipiki. Huyu mdogo ameomba mkopo katika mfuko wetu wa kusaidiana ili aigeuze baisikeli ya baba yake iwe ya kisasa. Mkubwa ameandika barua kwamba baisikeli isiguswe hata kwa msasa, kwa kuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya baba. Kisha akatokea mgeni mmoja aliyekuwa akipumzika Matema, akaiona, akataka kuinunua kwa fedha nyingi. Mama yao, alipoona watoto wake wanaanza kusalimiana kwa ulimi tu, alisema neno moja: "Waulizeni waliofanya kazi pamoja na baba yenu." Ndivyo shauri lilivyotufikia.

Katika mkutano wetu watu waligawanyika. Upande mmoja walisema chuma ni chuma, na marehemu hatazidi kufa kwa sababu tairi limebadilishwa. Basi ziwekwe ringi nyepesi, gia nyingi, matairi manene, na rangi nyekundu. Upande wa pili walisema itundikwe ukutani sebuleni kama ilivyo, watoto wa watoto waione. Mwanachama mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa bado twanywa chai pamoja, alisema iuzwe kwa yule mgeni na fedha zigawanywe. Juu ya shauri hili la mwisho sitasema mengi. Mama wa watu hakutuuliza bei.

Kabla ya kutoa maoni yangu nilikwenda kuitazama baisikeli yenyewe, jambo ambalo wengi wa waliosema kwa sauti kubwa hawakulifanya. Imeegemezwa barazani, chini ya paa la bati. Ni ile ya wanaume yenye mhimili wa juu, nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito za chuma, si za waya. Katika habu ya nyuma, ambayo ni ya Sturmey-Archer yenye gia tatu zilizofichwa ndani, imepigwa chapa ya namba 55, maana yake ilitengenezwa mwaka 1955. Desturi hiyo ya kiwanda cha kupiga mwaka juu ya habu ni nzuri, na laiti wote wafanyao vyombo wangeifuata. Gurudumu la meno, lile ambalo cheni hupita, limekatwa kwa umbo la vichwa vya korongo. Mlango wa pili wa fahari ni kiti cha ngozi, ambacho kimebonyea mahali pawili, kama vile ngozi ya namna hiyo ibonyeavyo kwa kukaliwa na mtu mmoja miaka mingi. Juu ya madigadi ya nyuma marehemu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe herufi za jina lake, kwa mkono wake mwenyewe, na herufi ya mwisho imekosa nafasi ikapinda. Nakiri nilipoiona herufi ile niliielewa barua ya yule kaka wa Dar es Salaam kuliko nilivyoielewa iliposomwa mkutanoni.

Lakini niliona pia kutu. Na hapa ndipo ninapoanza kutengana na wale wa kuitundika ukutani.

Wenzetu wa bara kavu, mathalani wa Dodoma, wakiegemeza baisikeli ukutani miaka kumi wataikuta na vumbi. Sisi hatuna bahati hiyo. Bonde letu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na katika miezi ya masika mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hupanda mpaka mashambani, na nyumba zetu huvuta unyevu toka chini kama utambi. Chombo cha chuma kisichotumiwa hapa hakitunzwi, kinaoza polepole kwa heshima. Grisi ndani ya habu hukauka ikawa kama gundi; gololi huota kutu zikashikana; mpira wa ndani hupasuka mahali ulipokunjamana. Baisikeli inayoendeshwa hupanguswa, hutiwa mafuta, na mwenyewe husikia mlio mbaya siku ile ile unapoanza. Iliyotundikwa hailii. Kwa hiyo ndugu mkubwa, anayetaka isiguswe, ajue kwamba mvua za Kyela hazitaisoma barua yake.

Sasa niwageukie wale wa ringi nyepesi na rangi nyekundu. Hao nadhani hawajui wanachokitaka, kwa kuwa wamezoea kuona baisikeli kama kapu la vitu ambavyo kila kimoja hutolewa peke yake. Sivyo. Breki hizi za fito hukamata ringi kwa upande wa ndani, pale penye njiti, kwa kuvuta viatu vya mpira kwenda juu. Kwa sababu hiyo ringi yake ina umbo la pekee, yenye mikondo miwili ya viatu kukaa. Ukiweka ringi nyepesi ya baisikeli za siku hizi, viatu havina pa kukamata. Basi lazima uweke breki za waya. Breki za waya zataka vishikio vingine mkononi, kwa kuwa usukani wa zamani umeunganishwa na fito zake. Basi usukani nao utatoka. Gurudumu la inchi 26 litaishusha baisikeli nzima, na pedali zitakaribia ardhi, na kwa barabara zetu zenye mawe hilo si jambo dogo. Gia nyingi za nyuma zataka nafasi pana kuliko iliyopo kati ya mabano ya fremu, basi fundi atayapanua kwa nguvu. Mwisho wa kazi mwalimu wetu atakuwa na mhimili wa Raleigh umezungukwa na vitu vya kigeni, na mkopo ambao kwa fedha hizo hizo angalinunua baisikeli nyingine akaiacha hii salama. Hesabu hiyo niliifanya mbele ya fundi, na fundi hakunipinga, ingawa kazi ile ingalimpa yeye faida.

Kuna na hatari nyingine iliyofichika. Kiwanda cha Raleigh kilikuwa na kiburi chake: katika sehemu ile ya chini ambayo ekseli ya pedali hupita, wao walikata nyuzi 26 kwa kila inchi, hali viwanda vingine vya Uingereza vilikata 24. Vikombe vipya viuzwavyo madukani, vya kutoka India au China, aghalabu ni vya nyuzi 24. Kwa macho ni sawasawa. Fundi mwenye haraka huvikaza kwa nguvu ya mkono na spana ndefu, navyo huingia vikikata njia yao wenyewe, na tangu siku hiyo fremu imeharibika, haipokei kikombe cha zamani wala kipya. Nimeona fremu mbili za namna hiyo zikitumiwa kuzuia mbuzi. Marehemu hakuhitaji kubadilishiwa vikombe. Vikisafishwa kwa mafuta ya taa, vikawekwa gololi mpya za robo inchi, kumi na moja kila upande, vitazunguka miaka mingine mingi.

Nataka sasa nitaje jambo ambalo lilinishangaza mwenyewe. Twadhani kwamba kutunza kitu cha zamani ni anasa ya watu wenye fedha huko Ulaya. Katika baisikeli mambo ni kinyume. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002, na Mwingereza mwenye Raleigh ya babu yake hana budi kuagiza tairi la inchi 28 kwa barua na kungoja. Sisi huku, kwa kuwa Wachina na Wahindi waliiga umbo lile lile la Kiingereza na hawakuliacha, Phoenix kwa upande mmoja, Hero na Atlas kwa upande mwingine, twapata matairi ya 28 kwa inchi moja na nusu, viatu vya breki za fito, njiti, madigadi, hata ringi zenye mikondo miwili. Hata matundu ya njiti wameyahifadhi: 32 mbele na 40 nyuma, kama Waingereza wa zamani, wakati baisikeli nyingi za mtindo mwingine zina 36 mbele na nyuma. Kwa hiyo chombo hiki hakikuachwa na wakati. Ni jamaa wa maelfu ya baisikeli zilizobeba mpunga, kakao na ndizi katika bonde hili tambarare, na wabeba abiria waliokuwa wakiwapokea wasafiri pale mpakani Kasumulu kabla ya pikipiki kuwapokonya kazi hiyo. Kuirudisha njiani si mchezo wa makumbusho.

Baadhi ya wenzangu walileta mfano wa meli, na kwa kuwa sisi ni watu wa ziwa, mfano huo wafaa kusikilizwa. Ziwa letu hili la Nyasa lina meli Chauncy Maples, iliyojengwa Glasgow mwaka 1899 kwa ajili ya misheni ya U.M.C.A., ikafunguliwa vipande zaidi ya 3,000, ikaletwa kwa bahari, kwa mto na kwa mabega ya watu, ikaungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1901. Katika ziwa la Tanganyika iko Liemba, ambayo Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isije ikatekwa, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina lake jipya. Zote mbili zilianza kwa mvuke. Chauncy Maples ikapewa injini ya dizeli mwaka 1967, na Liemba katika miaka ya 1970. Mwenzangu mmoja akasema, "Mwaona? Zingalikaa na mvuke wake, leo zingalikuwa vyuma chakavu." Ni kweli. Liemba ilizidi kupendwa kwa sababu ilizidi kubeba watu na dagaa. Na Chauncy Maples, ilipoacha kazi ya kila siku, mashauri juu yake yakawa mengi kuliko safari zake. Palikuwa na mpango wa kuifanya zahanati ya kuzungukia vijiji vya pwani ya ziwa, gharama ikazidi, mpango ukaachwa.

Walakini mwenzangu aliusimulia mfano nusu. Katika meli zote mbili kilichobaki ni mwili wake, na kilichobadilishwa ni kile kilichokuwa kikila kuni na kuchoka. Hakuna aliyesema mwili nao ukatwe ili ufanane na meli za siku hizi. Na hakuna awezaye leo kumsikilizisha mwanawe jinsi mvuke wa Liemba ulivyopumua, maana kitu kikishatolewa bila kuwekwa hakirudi kwa kutakiwa. Nami katika shauri hili la baisikeli nashika vyote viwili, mwili ubaki, na kitakachotolewa kiwekwe.

Sisi makarani tuna desturi ambayo yatufaa hapa. Katika jalada hatufuti dokezo la mwenzetu aliyetutangulia, hata kama maoni yake yamepitwa. Twaongeza karatasi mpya juu yake, twaipa namba, na atakayekuja baada yetu aweza kurudi nyuma karatasi kwa karatasi mpaka ya kwanza. Mtu akichana karatasi ya nne kwa sababu haipendezi, jalada zima haliaminiki tena. Basi na baisikeli hii ishughulikiwe kama jalada. Kila litakalofanywa liwe la kuweza kurudishwa.

Kwa kanuni hiyo mambo mengi hujiamulia yenyewe. Rangi isipakwe. Rangi ile nyeusi ilichomwa kiwandani, ni ngumu kuliko yoyote ya kopo, na chini ya rangi mpya ingepotea ile mistari ya dhahabu pamoja na herufi za marehemu. Tena rangi ya kopo huziba namba iliyopigwa katika fremu, na namba hiyo ndiyo shahidi wa mwenye mali siku baisikeli ikiibwa. Kutu iliyo juu juu iondolewe kwa mafuta na kitambaa cha gunia, na penye kung'aa kwa kipande cha ndimu, kisha pakaushwe upesi, msasa usikaribie. Matairi, mipira ya ndani, cheni, gololi, viatu vya breki, hivyo vinaliwa na njia na haviwezi kuwa kumbukumbu ya mtu. Marehemu mwenyewe alivibadilisha mara nyingi. Ukimwambia kwamba wanawe wanagombania viatu vya breki angalicheka.

Breki ndizo zilizonipa mashaka kuliko vyote. Ringi ya chuma iliyolowa haishiki vizuri, hilo kila mpanda baisikeli wa masika alijua. Katika tambarare ya Kyela mtu huvumilia, lakini njia ya kupanda Tukuyu hupanda zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa, na ashukaye huko katika mvua na breki za fito peke yake anamtegemea Mungu kuliko fundi. Mwalimu wetu haendi Tukuyu kwa baisikeli, njia yake ni tambarare. Hata hivyo ni kijana, na kijana siku moja atakwenda. Kwa hiyo nashauri gurudumu la nyuma lisukwe upya kwa habu ile ya kusimamisha kwa kurudisha pedali nyuma, ambayo haijali mvua, mradi itafutwe yenye matundu 40 ili iingie katika ringi iliyopo. Habu ya gia tatu, yenye mwaka wake 55, itolewe nzima, ijazwe mafuta, ifungwe katika kitambaa. Hapa najua wapenzi wa vitu vya kale watanilaumu, kwa kuwa habu ile ndiyo moyo wa baisikeli. Nawajibu kwamba moyo ukiwekwa sandukuni hautaharibika, lakini mwalimu akiingia mtaroni pamoja na madaftari ya watoto wa watu, ndugu mkubwa atakuwa na kumbukumbu mbili.

Kiti nacho kitolewe. Ngozi ikinyeshewa mara kwa mara hulegea na kukatika, na kiti cha bei ndogo kitamtosha kijana. Kile cha marehemu, chenye kubonyea kwake, apewe ndugu mkubwa akakiweke nyumbani kwake Dar es Salaam. Nadhani ndicho alichokuwa akikililia bila kukijua. Nilipolitaja jambo hili kwa mama yao, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tata, hapo umesema." Sikutaka sifa, lakini nalitia katika maandishi kwa kuwa ndilo neno la pekee katika shauri lote lililopokewa na nyumba nzima.

Wako waliouliza kwa nini isitiwe injini ndogo, au ile ya umeme, iwe ya kisasa kweli kweli. Fremu hii na breki hizi zilifanywa kwa mwendo wa miguu ya mtu. Sitaongeza neno.

Nao wanaosema kwamba mfuko wetu haukuwekwa kwa ajili ya baisikeli, wakumbuke kwamba wale waliotutangulia, kuanzia Tanga mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walipokusanya watumishi Waafrika wa serikali katika chama kimoja, hawakukutana kwa ajili ya mishahara tu. Walitaka pia mtumishi awe na mahali pa kusoma, kucheza na kushauriana. Mama mjane aliyetuletea shauri badala ya kulipeleka barazani ametuheshimu. Tukimjibu kwamba tuna kazi nyingine, mara ya pili hataleta.

Basi nashauri kamati imkubalie mwalimu mkopo wa matairi mawili na mipira yake, cheni, gololi, viatu vinne vya breki, kiti, habu ya nyuma na kazi ya fundi, wala si zaidi. Alipe kidogo kidogo katika mshahara wake kama wengine. Kila kitakachotolewa kiandikwe katika orodha ya nakala tatu, moja ya mama, moja ya ndugu mkubwa, moja ya jalada la chama, na vitu vyenyewe viwekwe katika sanduku la bati lenye mafuta nyumbani kwa mama. Mwanachama yeyote wa Mbeya au Tukuyu aonaye dukani habu ya matundu 40 naomba amwarifu mwandishi wa chama upesi, kwa kuwa hapa Kyela tumepata za 36 tu. Fundi wa Ipinda amesema kazi yake itachukua siku tatu, nayo yafaa ianze kabla masika hayajafunga njia ya shule.

Ni mimi mwanachama wenu,
KARANI, Kyela